Donkaseu za Namsan, Seoul: tuagizeje na tuleje?

Kijana wa Ilala:
Wakuu, habari za humu. Jumamosi tunapanda mlima Namsan, tuko watatu, na tunataka kula donkaseu (nyama ya nguruwe ya kukaangwa na chenga za mkate) kwenye migahawa iliyo karibu na kituo cha magari ya waya. Menyu ni Kikorea kitupu. Mmoja wetu ni Mwislamu. Naomba muongozo.

Sufuria Nyeusi:
Mkuu, kwanza jua unaagiza ipi. Namsan wanasifika kwa *wang donkaseu*: nyama ya nguruwe imepondwa hadi ikawa nyembamba na pana kama sahani yenyewe, ikapitishwa kwenye unga, yai na chenga za mkate, ikakaangwa, kisha ikamwagiwa mchuzi wa kahawia wenye utamu na uchachu. Hii unakata mwenyewe kwa kisu na uma. Kabla yake huletwa supu nyeupe ya krimu (nyunyiza pilipili manga), na pembeni huwa na wali kidogo, kabichi iliyokatwa nyembamba na figili za kuchachusha. Mara nyingi huwekwa na pilipili mbichi ndefu ya kuchovya kwenye *ssamjang* (rojo la soya lenye pilipili). Usiiache, ndiyo inayokata mafuta.

Aina ya pili ni ya Kijapani: nene, imeshakatwa vipande, mchuzi uko pembeni. Ukipewa kinu kidogo chenye ufuta, utwange nusunusu tu kisha umimine mchuzi humo humo. *Deungsim* ni mnofu wa mgongoni, una ukanda wa mafuta. *Ansim* ni sarara, laini zaidi. Ansim ikija na uwaridi kidogo katikati, msishtuke, baadhi ya migahawa hupika hivyo makusudi.

Bi Mkubwa wa Itaewon:
Kuhusu huyo ndugu Mwislamu, msimwambie "agiza ya kuku, haina shida". Kuku na samaki kwa kawaida hukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kitimoto, kuku mwenyewe si wa kuchinjwa kihalali, na mchuzi au supu vinaweza kuwa na mchuzi wa mifupa ndani yake. Hata mkiulizia, mhudumu atajibu "hakuna nguruwe" akimaanisha kipande chenyewe tu. Kama anashika sana hilo, mle wote Itaewon, mitaa inayouzunguka Msikiti Mkuu wa Seoul, kuna migahawa ya halali ya kutosha. Kumkalisha mezani akiwatazama mkila si ustaarabu.

Fundi Mezani:
Utaratibu: penye mashine ya kuagizia mlangoni, tafuta kitufe cha kubadili lugha. Kadi za benki za nje wakati mwingine hukataliwa na mashine hata kama kaunta inazikubali, hivyo nendeni kaunta. Pasipo mashine, bonyeza kengele iliyo mezani. Vijiko, uma na vijiti vikikosekana juu ya meza, fungua droo ya ubavuni. Maji na nyongeza ya figili mara nyingi unajichukulia mwenyewe, bure. Bakshishi haitolewi.

Agizeni sahani moja kwa kila mtu. Watatu kugawana mbili, mwenye mgahawa hafurahii, na baadhi huandika kabisa ukutani kwamba ni marufuku. Zikibaki, sema *pojang hae juseyo*, wafungashe. Angalieni pia saa: migahawa mingi hufunga jikoni kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni.

Kijana wa Ilala:
Shukrani. Ile yenye jibini je? Na ule mchuzi haulainishi ganda?

Sufuria Nyeusi:
Unalainisha, na ndivyo ilivyokusudiwa kwa ile nyembamba. Ukitaka ganda likatike kwa sauti, sema *soseu ttaro juseyo* (mchuzi uwe pembeni) wakati wa kuagiza, si ikishafika. Usiikate yote kwa mpigo pia. Mvuke ukitoka nyama inapoa na mchuzi unaingia kila upande. Kata vipande viwili vitatu, kula, endelea.

Ya jibini ni kinyume: anza nayo mara ikitua mezani, maana mozarela ikipoa inakuwa mpira. Ila kipande cha kwanza kiache kipumue kidogo, jibini la ndani linaunguza kaakaa vibaya. Na mmoja tu kati yenu aagize hiyo, wengine mchukue ya kawaida mbadilishane vipande. Inakinaisha haraka.