Majani yanadondokaje bila hata upepo?

mdadisi_: Wakuu, hivi mti unajuaje saa ya kupukutisha majani? Siku imetulia kabisa na bado yanadondoka tu.

Kikonyo: Mti ndo unayakata wenyewe mkuu. Pale kikonyo (kile kijiti cha jani) kinaposhika tawi kuna tabaka la seli dhaifu, jani likiwa zima linatuma homoni ya oksini na tabaka linatulia, likizeeka oksini inapungua, homoni nyingine, ethilini, inashika usukani, vimeng'enya vinayeyusha ile gundi ya kati ya seli mpaka linaachia kwa uzito wake, na kidonda kinazibwa. Ndo maana tawi likivunjika bichi majani yake yanakauka yakiwa yameng'ang'ania, hakuna wa kuyakata tena!

zubeda77: Na sababu kubwa ni maji, jani linapoteza maji mengi sana, kiangazi au baridi kali halilipi. Ila mti mjanja, unavuta kwanza virutubisho vya nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani, klorofili (ile rangi ya kijani) inavunjwa ndo njano inaonekana.

mdadisi_: Sasa wangu namwagilia kila siku na bado unapukutika?

Kikonyo: Punguza hayo maji, mizizi inakosa hewa 😂