Naomba ushauri: malipo kwa waliodhulumiwa kituoni utotoni yapangweje?

Msaka Haki: Wakuu, nimekwama. Nimo kwenye kamati inayopanga fidia kwa watu waliopigwa na kudhalilishwa walipokuwa watoto kwenye kituo cha malezi. Rasimu yangu inasema kila aliyelala pale alipwe sawa, asiulizwe lolote. Wenzangu wanataka viwango kulingana na madhara. Kikao ni Ijumaa, na usingizi sina.

Nahodha: Mkuu, weka milango miwili. Uskoti, tangu Desemba 2021, mwombaji anachagua: pauni 10,000 kwa maelezo mafupi, au apimwe kwa kina apate kati ya 20,000 na 100,000. Kanada walilipa dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza wa kukaa shule za bweni za watoto wa wenyeji asilia, na 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Waliobakwa au kuumizwa vibaya walikuwa na utaratibu wao.

Mama Wawili: Mimi niliulizwa na watu watatu, kila mmoja na fomu yake. Kwa yule wa tatu nikasema nimesahau, nikaondoka zangu. Wakaandika "maelezo yanatofautiana".

Mzee wa Hoja: Sameheni. Pesa hairudishi utoto, inaleta ugomvi tu.

Kipanga: Akipokea, anasaini kwamba hatashtaki? Na wewe unahusikaje? "Kila aliyelala pale" si maneno ya mtu wa nje.

Msaka Haki: Atasaini, kituo kimekomalia hapo. Na ndiyo, nililelewa pale miaka sita. Kuna ubaya?

Mama Wawili: Hakuna, mdogo wangu. Ila kwetu wakubwa ndio walioshika fimbo. Wewe je?

Msaka Haki: Nilikuwa kiranja wa bweni. Nilikabidhiwa fimbo nikiwa na miaka 13. Nisipopiga, napigwa mimi mbele yao. Lakini malipo sawa sikuyaweka kwa ajili yangu! Ni ili watu wasihojiwe kama Mama Wawili. Na rasimu nimeshaisambaza.

Gogo: Chai hii. Juu unaomba ushauri, chini rasimu imeshasambazwa. Leteni vitafunwa.

Mzee wa Hoja: Nami nilianza kushuku.

Nahodha: Hata ikiwa chai, watu wa namna hii wapo. Mtoto aliyelazimishwa kupiga naye alidhulumiwa, ana haki ya kuomba. Kuandika kanuni itakayomlipa mwenyewe huku wenzake hawajui, hapana. Na hilo la kusaini: Australia nao wanasainisha, ila mtu ana miezi sita ya kufikiri na ushauri wa mwanasheria bila malipo. Rasimu yako inampa siku ngapi?

Msaka Haki: Haikutaja siku. Nitaongeza.
Gogo, ile fimbo ilizungushiwa kitambaa pa kushikia, isiteleze. Kitanda cha nne kutoka mlangoni kulikuwa na mtoto ambaye akisikia hatua zangu anakunja shuka lake kwanza, lisichafuke, ndipo anageuka. Sikuwahi kumwambia aache kukunja. Jina lake nimelikuta kwenye orodha ya waombaji.

Mama Wawili: Anajua rasimu ni yako?

Msaka Haki: Hajui. Kamati nayo haijui kwamba nilikuwa kiranja.

Mama Wawili: Waambie kabla ya Ijumaa, mdogo wangu. Wakianza kupiga kura, toka nje.