Je, ni sawa kupiga picha mlango wa nyumba ya mtu bila kubisha hodi?

Mtoa hoja:
Ndugu wachangiaji, naleta hoja inayowagawa wakazi wa katikati ya Dar es Salaam na wapenzi wa picha. Je, mtu anayepita Kisutu au Mtaa wa India ana haki ya kupiga picha mlango wa nyumba inayokaliwa na watu, kisha akaisambaza bila kumwuliza yeyote? Wapo wanaosema kwamba macho hayana pazia na mlango unaotazama barabara ni wa kutazamwa. Wapo pia wanaosema kwamba faragha ya nyumba huanzia kizingitini, na kwamba hakuna anayependa kutoka asubuhi na kapu lake la sokoni akute maharusi asiowajua wamejipanga kwenye ngazi zake.

Msimamo wangu ni kwamba ruhusa iombwe. Hata hivyo, kinachonikera zaidi ni picha zenyewe, kwa sababu nyingi huishia kwenye miimo (nguzo za pembeni za mlango), rangi ya buluu ikakolezwa, na nyumba ikaachwa nje.

Tutazame kwa karibu mlango wa nakshi wa Uhindini, yaani mitaa hiyo ya katikati ya jiji iliyokaliwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mbao zake mbili nzito hufungukia ndani. Mfaa, yaani mti wa wima wa katikati, umepigiliwa kwenye ubao mmoja ili kuziba mwanya wa katikati. Mnyororo uliochongwa unapanda mwimo mmoja na kushuka mwingine, huku rangi ya mafuta iliyopakwa mara nyingi ikiwa imejaa ndani ya nakshi hata petali za maua hazionekani vizuri. Juu yake, pengine kuna upinde wa nusu duara. Katika milango ya pwani yetu kizingiti cha juu kilichonyooka ndicho cha zamani zaidi, na upinde ulienea baadaye kwa ladha iliyotoka India. Lakini upinde huo hauelezeki bila nyumba yake: duka chini, familia ya mfanyabiashara juu, roshani inayoning'inia barabarani, na mara nyingine jina la mjenzi na mwaka vilivyofinyangwa kwa saruji kwenye paji la jengo.

Sheria yetu nayo ina kasoro hiyohiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautambua mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu cha kulindwa, lakini jengo huhesabiwa lenyewe kuwa la kale ikiwa tu lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, kwa hiyo karibu nyumba zote za zamani za Dar es Salaam, hata Boma la Kale lililojengwa enzi za Majid mwenyewe, ziko upande usiofaa wa tarehe hiyo na hulindwa tu zikitangazwa na serikali. Nyumba ambayo haijatangazwa inaweza kubomolewa, na mlango wake ukaishia kuwa pambo la hoteli.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mtoa hoja, ruhusa ya nani? Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na nyingi za Uhindini leo ziko chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji hana mlango wa kukuruhusia. Ukianza kumtafuta mwenye mali utaishia kwa mlinzi, naye atataka chai. Wakati huo greda limeshafika, na picha ambayo hukuipiga haitapatikana tena.

Mtoa hoja:
Aombwe anayelala ndani, kwa sababu usumbufu unamfika yeye na si mwenye hati. Shirika linamiliki mbao, lakini halitoki na kapu asubuhi. Kuhusu greda nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba ipigwe sura yote ya jengo, kuanzia kibarazani hadi kwenye paji, na yaandikwe jina la mtaa na tarehe. Picha ya mlango peke yake haitamsaidia mwanafunzi wa usanifu majengo atakayetaka kujua nyumba ile ilisimamaje.

Tena, mbona hatuoni picha za Kariakoo? Nyumba ya Kiswahili, yenye mlango mmoja katikati, ukumbi unaonyooka hadi uani na vyumba huku na huku, ni historia ya ujenzi wa jiji hili sawasawa na roshani za Uhindini, nayo inapisha maghorofa kwa kasi zaidi. Mlango wake hauna nakshi, basi hautafutwi.

Mchangiaji wa pili:
Nawaunga mkono wote wawili, isipokuwa kwenye biashara. Mwanafunzi mwenye simu na mpiga picha za harusi anayelipwa wasiwekwe kapu moja. Huyu wa pili anapata fedha kwa ngazi za mtu. Je, amlipe mpangaji, Shirika, au serikali ya mtaa?