Tupeane uzoefu: kazi imekuchosha, deni halijaisha. Uliacha au ulibaki?

Mwanzisha mada, Mwanza

Habari zenu wakuu.

Mtaani nimepewa ushauri wa aina mbili tu: "vumilia, ajira ngumu siku hizi" na "acha, Mungu atafungua njia". Wanaonishauri hivyo hawana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Nataka niwasikie waliokuwa na deni kweli wakati wanaamua.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha. Nina vikundi vya akina mama Igoma, Buhongwa na Kishiri. Asubuhi nakusanya marejesho, mchana nafuatilia waliokwama, jioni narudi ofisini kueleza kwa nini malimbikizo hayashuki. Jua na vumbi nimezoea. Kinachonimaliza ni kuingia nyumbani kwa mama ambaye mtoto wake amelazwa, nikatakiwa kuorodhesha makochi na cherehani yake. Usingizi umekata. Simu ikiita Jumapili moyo unapiga mpaka mke wangu ananiuliza kuna nini.

Sasa hesabu. Mshahara wangu ni 900,000. NSSF inachukua 90,000, kodi ya mapato 80,500, Bodi ya Mikopo 135,000 (mkopo wa chuo, ile asilimia 15) na benki 280,000. Nabaki na 314,500 ya kodi ya nyumba, ada na chakula. Mkopo wa benki una zaidi ya miaka miwili mbele, niliuchukua kumalizia nyumba ya wazazi Sengerema. Juu ya hapo, kikundi kikilala, yaani kikishindwa kurejesha mwezi huo, ofisi inakata sehemu ya marejesho yao kwangu.

Mliopita hapa, mlifanyaje?

Mwalimu, Kondoa

Pole sana ndugu yangu. Mimi naandika kwa upande ambao huwa hauulizwi, wa mdhamini.

Mwenzangu wa shuleni aliacha kazi akiwa na mkopo wa SACCOS yetu. Nilimdhamini mimi na mwalimu mwingine. Simlaumu kuondoka, alikuwa amechoka na kila mtu alimwona. Lakini alituaga kwenye simu akiwa tayari yuko kwenye basi. Miezi mitatu makato yake hayakuonekana, kamati ikaanza kugusa akiba zetu, kama fomu tuliyosaini inavyosema. Mwaka ule nilikuwa nimejipangia kuomba mkopo wa ada ya binti yangu anayeingia chuo. SACCOS yetu inakopesha hadi mara tatu ya akiba, sasa akiba ikipungua na mkopo unapungua. Binti alichelewa kujiunga.

Baadaye alianza kulipa kidogo kidogo kutoka huko aliko, na leo tunasalimiana vizuri. Ila angetuita mapema, sisi watatu tungekaa na kamati tukaomba mkopo wake uongezewe muda. Kamati zetu husikiliza mtu anapokuja na miguu yake. Kama una wadhamini, waambie kabla hujamwambia meneja.

Nesi, Tabata

Mimi nilibaki, halafu nikaacha, kwa hiyo naweza kujibu yote mawili.

Nilikuwa hospitali binafsi, zamu za usiku mfululizo, wodi nzima nesi wawili. Nilifika mahali nasoma jina la dawa mara tatu na bado siamini nilichosoma. Hapo nikaogopa. Wakati huo nina mkopo wa benki, marejesho ya kikoba, na mikopo ya kwenye simu. Mwaka 2024 mwezi wa Novemba, Benki Kuu ilipotoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, niliikuta programu niliyokuwa nakopa. Wale walikuwa wanawatumia meseji ndugu zangu na wagonjwa niliowahifadhi kwenye simu.

Daktari ndiye aliyenifungua macho. Aliniandikia mapumziko. Watu wengi hawajui kwamba sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Na msongo nao unaweza kukuuguza. Sikuzitumia zote, lakini wiki zile nililala, na baada ya kulala ndipo niliweza kufanya hesabu. Kabla ya hapo kila wazo langu lilikuwa la kukimbia.

Nikarudi kazini nikijua naondoka. Nilianza na zile za kwenye simu kwa sababu ndizo zilizokuwa zinanitesa roho, japo kiasi chake kilikuwa kidogo. Kisha nikaenda benki nikiwa bado na slipu ya mshahara, nikaomba muda urefushwe. Rejesho la mwezi likashuka. Ndiyo, riba kwa jumla imeongezeka na inaniuma mpaka sasa, lakini mshahara wa zahanati ndogo niliyohamia unalimudu. Jambo lenyewe ni hilo: benki inamsikiliza aliye kazini. Ningeenda baada ya barua ya kuacha, ningeongea nao nini?

Msomaji, Iringa

Mimi nilibaki hadi deni likaisha na sijutii. Nilihesabu, nikaona miezi minane inavumilika. Ingekuwa miaka mitatu ningetafuta njia nyingine.

Katibu wa zamani wa tawi la wafanyakazi, Morogoro

Mwanzisha mada, watu wamekujibu kuhusu kuacha. Mimi nimekwama kwenye sentensi ya mwisho ya hesabu yako, kwamba kikundi kikilala unakatwa wewe.

Hilo si la kuacha lipite. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakati mshahara ovyo. Akate kwa kuwa sheria inataka au inaruhusu, makubaliano ya pamoja na chama, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au kwa deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi likatwe. Akidai fidia ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kujieleza, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara. Mama wa Buhongwa kuuguliwa na mtoto si kosa la afisa mikopo!

Nimekaa na vijana wa kazi kama yako. Mara nyingi waliposoma mkataba walikuta hawajasaini popote kwamba watalipia wateja. Kasome wako leo usiku, na utunze kila slipu yenye makato hayo. Nasisitiza kwa sababu hata uamuzi wako unabadilika. Makato hayo yakikoma, huenda ukapata nafasi ya kupumua bila kuacha.

La pili ni namna ya kuondoka. Ukiandika barua ya kujiuzulu, NSSF hawakupi fao la kukosa ajira, lile ni la aliyeachishwa. Kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka kumi, nacho kimewekwa kwa ajili ya anayeachishwa na mwajiri. Kwa hiyo kama ofisini kuna dalili za kupunguza wafanyakazi, usiwatangulie. Zungumza nao, kuna waajiri wanaokubali kuachana kwa makubaliano na malipo yakaandikwa.

Na endapo mazingira wameyafanya yasivumilike, sheria inatambua kwamba anayeondoka kwa sababu hiyo anaweza kuhesabiwa ameachishwa. Hiyo inapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Lakini inataka ushahidi: barua za malalamiko ulizoandika, na majibu uliyopewa au kutopewa. Maneno matupu hayafiki mbali pale. Nimeona wenye haki wakishindwa kwa kukosa karatasi moja.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28. Usikimbie bila notisi, watakukata mshahara wa siku hizo wakati unauhitaji kuliko wakati wowote.

Wa Nakuru

Hapa Kenya nasi tuko na sheria kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, lakini ukikopa kwa simu hakuna anayekuhesabia hiyo theluthi. Mimi niliacha kazi ya supamaketi nikiwa na mkopo wa sacco. Kilichonisaidia ni kwamba sikujiondoa kwenye sacco. Walinibadilishia tu, badala ya mwajiri kukata, nikawa natuma mwenyewe kwa M-Pesa kila tarehe tano. Wadhamini wangu hawakuguswa. Uliza kama yenu inaruhusu.

Mke wa dereva, Chanika

Naomba niseme kama mke. Mume wangu alikuwa anaendesha lori la Dar kwenda Lubumbashi. Alitaka kuacha muda mrefu akashindwa kuniambia, kwa sababu kulikuwa na mkopo nisioujua. Nilikuwa naona hasira na presha inapanda, nikidhani kuna mwanamke. Alipokuja kuniambia kiasi, sikulala, lakini asubuhi tulikuwa wawili kwenye lile deni. Mimi ndiye niliyesema tuhame kutoka Sinza. Kodi tuliyookoa ndiyo ililipa rejesho alipopata kazi ya kuendesha basi la shule, yenye mshahara mdogo. Mtoto wetu wa mwisho sasa anamjua baba yake.

Kaka wa Mwanza, umesema mkeo anakuuliza kuna nini. Je, umemjibu?

Mwanzisha mada, Mwanza

Dada wa Chanika, jana usiku nimemjibu. Tumekaa hadi usiku mkubwa na ile hesabu. Amesema duka lake la nguo linaweza kubeba chakula na umeme, ila si benki.

Mzee wa Morogoro, nimesoma mkataba kurasa zote. Hakuna mahali nimekubali kulipia wateja. Nimekusanya slipu, na nne zina makato hayo. Sijaamua kuacha wala kubaki. Nimeamua kwanza kuandika kuhusu makato, na wiki hii naenda benki kuuliza rejesho likirefushwa litakuwa shilingi ngapi. Nikipata namba hiyo ndipo nitajua kazi ya mshahara gani naweza kuikubali. Mwenye uzoefu wa barua ya makato, niandike vipi isionekane natafuta ugomvi?

Katibu wa zamani wa tawi, Morogoro

Ukurasa mmoja unatosha. Taja miezi na kiasi kilichokatwa kila mwezi, ambatisha nakala za slipu, kisha uliza kwa upole: makato haya yamefanyika kwa msingi upi, na ni lini nilikubali kwa maandishi? Omba yasimame na yaliyokatwa yarejeshwe. Usitaje kuacha kazi, usitaje CMA. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Andika tarehe uliyoipeleka, maana muda wa kufungua mgogoro wa makato una ukomo wake pia.