Kijana wa Gredi 9 anashindwa kuandika insha darasani, nifanyeje?

MamaKayole: Wazazi wenzangu, nimekwama. Insha za kijana wangu za nyumbani zinasifiwa, za darasani hata aya moja haijai. Juzi ameandika "xaxa" na "cjui" kwenye barua rasmi. Mwalimu ameniita Ijumaa. Nimtafutie tuisheni?

Njeri_Umoja: Wangu nilimpokonya simu nikampa kabambe, ile ya vitufe isiyo na mambo mengi. Alinuna wiki mbili. Sasa anasoma hata gazeti lililofungiwa nyama.

ChakiMkononi: Nimesahihisha insha miaka mingi, tangu KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, haijazikwa 2023. "Kitabu yangu", "watu ingine", yote nimeyaona, lakini mtoto alikuwa na lake la kusema. Siku hizi napokea kurasa mbili zisizo na kosa hata la ngeli. Nikimuuliza mwenyewe maana ya "fauka ya hayo", anatazama dari. Mama, hizo za nyumbani anaziandikaje?

MamaKayole: Kwa kalamu, mkono wake mwenyewe.

ChakiMkononi: Akinakili wapi?

MamaKayole: Kwa simu yangu. Anaiuliza akili unde, ananakili. Nilimwonyesha mimi. Natoka kazini Industrial Area saa mbili usiku, na kazi ya shule inatakiwa asubuhi. Nani angemsaidia? KJSEA, mtihani wao wa Gredi 9, iko karibu, siwezi kumkatiza sasa. Hata laptopu yake ya kazi hiyo nimeshalipia nusu.

Baba_Pacha: Chumba cha mtihani ataingia na laptopu?

Ochi_Jogoo: Hii ni hadithi ya kutunga. Mtu atoke kazini usiku, amechoka, aandike Kiswahili kilichonyooka hivi? Hata swali lenyewe limeandikwa na mashine.

Baba_Pacha: Nami nimeshuku. Mama, jitetee.

Njeri_Umoja: Kwani mama wa Kayole hawezi kujua Kiswahili?

MamaKayole: Nimeandika mwenyewe, na simu imenibadilishia "sana" kuwa "Santa" mara tatu. Nikiwa darasa la saba kule Voi, majirani walikuja kwetu niwaandikie barua za kupeleka Mombasa. Huyu ni mwanangu, na hawezi kuniandikia mistari mitano. Mnadhani hilo mtu hulitunga?

Ochi_Jogoo: Pole mama. Nimekosa.

ChakiMkononi: Basi achana na tuisheni. Kila jioni akuandikie nusu ukurasa: amekula nini, nani amemuudhi. Umjibu kwa kalamu.

MamaKayole: Nikifika huwa amelala.

ChakiMkononi: Ndiyo maana nasema barua. Aiache mezani.

MamaKayole: Nitaanza leo. Lakini laptopu naichukua, muuzaji harudishi pesa.