Ushauri: Kilimanjaro na watoto wa miaka 8 na 5, nguo gani zinatosha Desemba?

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Desemba tunakwenda Marangu kuhesabiwa, ukweni kwangu, na baba watoto amepania mwaka huu watoto waingie mlimani, siyo kuuangalia tu kutoka uani kwa bibi. Tunaingia geti la Marangu, tunalala kambi ya Mandara, kesho yake kambi ya Horombo, kisha tunashuka. Kileleni hatuendi, najua chini ya miaka 10 hawaruhusiwi. Wa kiume ana 8, wa kike 5. Ni watoto wa Dar, sweta wanazijua kwa jina. Naomba ushauri wa nguo, na kama mdogo anaweza kubebwa. Wiki nzima sijalala vizuri.

Mgumu Mstaafu: Dada, nimebeba mizigo mlima ule miaka 11. Geti hadi Mandara ni kilomita 8 hivi, msitu njia nzima, mtoto akiona mbega anasahau kuchoka. Pale ni mita 2,720. Shughuli ipo siku ya pili: Horombo ni 3,720, miti inaisha, jua linachoma na upepo unakata kwa pamoja. Safari yangu ya kwanza nilitwishwa trei za mayai. Mvua ikanikuta juu ya Mandara, mizizi inateleza kama sabuni, nikakaa kitako matopeni, lakini trei sikuachia. Yalivunjika mawili tu! Mpishi alinikumbatia. Wa miaka 5 atabebwa, ila mgumu, yaani mbebaji wake, asiongezewe mzigo. Na anayebebwa hapati joto la kutembea, mvalishe kuliko mwenzake.

Binti Kibosho: Hivi watu wa Dar mkija huku kwa nini mnakimbilia mlima? Bibi anawasubiri mwaka mzima, mnampa siku mbili. Waacheni watoto wakate majani ya ng'ombe, walale kwa bibi, waijue lugha yao.

Nesi wa Zamu: Mbona hakuna aliyeuliza afya? Watoto wana pumu, moyo, chochote?

Mama Wawili: Hawana shida yoyote dada. Wa kiume tu huwa miguu inamuuma akichoka au kukiwa na baridi. Mchangamfu sana.

Nesi wa Zamu: Baridi gani, Dar hiyo? Amewahi kulazwa? Kuongezewa damu?

Mama Wawili: Samahani nimechelewa kujibu. Ana sikoseli. Naomba msinihukumu. Hajalazwa tangu Pasaka, dawa anakunywa kila siku, maji anakunywa kuliko sisi sote. Advansi tumeshalipa na wakala kasema hairudi. Baba yake anasema mtoto amenyimwa kila kitu, mpira, kuogelea, ziara za shule, na huu ni mlima wa babu zake. Tutakwenda polepole.

Kipanga: Chai hii. Asubuhi "hawana shida yoyote", jioni sikoseli. Mama gani mwenye mtoto wa sikoseli anauliza habari za sweta? Moderata funga uzi.

Mchumia Juani: Hata mimi nimeanza kuhisi. Wakala gani apeleke watoto Horombo bila kuuliza afya?

Mgumu Mstaafu: Wapo. Nimewaona.

Mama Wawili: Kaka Kipanga, natamani ingekuwa chai. Chupa yake ya maji nimeichora mistari mitatu kwa makapeni. Wa kwanza uishe kabla ya gari la shule, wa pili saa nne, wa tatu mchana. Kila wiki naichora upya maana ikioshwa inafutika. Nimeuliza sweta kwa sababu ukweni hawajui. Miaka yote hii tunawaambia ana mwili wa homa. Bibi yake akijua atasema nimeleta mimi, wakati mtoto karithi kwetu wote wawili. Nikisema haendi mlimani nitaulizwa kwa nini.

Nesi wa Zamu: Pole sana dada. Sasa nisikilize. Polepole inamsaidia mtoto mzima azoee. Wako, oksijeni ya Horombo inakaribia theluthi mbili tu ya ile ya Dar, na ikipungua chembe zake ndipo zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi inaongeza, kiu inaongeza. Bandama inaweza kuumia. Akishikwa saa nane usiku mko mbali na damu, mbali na daktari. Mandara akaamue daktari wa kliniki yake. Horombo mimi nasema hapana.

Binti Kibosho: Mama, nisamehe kwa maneno ya juu. Kama anataka mbega, msitu wa Rau upo Moshi, chini kabisa. Na Kinukamori si hapo hapo Marangu? Maporomoko mazuri, na bibi mnakwenda naye.

Kipanga: Naomba radhi mama. Mtoto apone.

Mama Wawili: Nimesoma yote. Kliniki ni Alhamisi. Baba yao nimemwambia Horombo hapana, hakujibu, ametoka nje na simu yake. Ya Mandara sijaigusa bado. Mgumu, huyo wa kubeba mtoto, akiwa wa miaka 8 mwenye kilo 19 ataweza?

Mgumu Mstaafu: Kilo 19 ni nyepesi dada. Tusubiri Alhamisi.