Kazi za hoteli za ufukweni: mwenyeji atengewe fungu lake, au huo nao ni ubaguzi?

Mleta mada, Jambiani

Assalaam alaykum. Nalileta hili kwa sababu kwenye baraza ya kwetu limeshagawa watu, kahawa hainyweki kwa amani.

Mimi ni binti wa Jambiani, pwani ya Unguja. Nimesomea mambo ya hoteli Maruhubi, cheti ninacho, Kiingereza nasema, na Kitaliano cha kumkaribisha mgeni akakaa hakinishindi. Mwaka juzi nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi. Hoteli siitaji. Maswali yalikwenda vizuri mpaka mwisho, meneja akaniuliza, tena kwa upole, "Na huo mtandio, ukiwa kazini huwa unauvua?" Nikamwambia hapana, ila naweza kuvaa wa rangi ya sare yenu. Akatabasamu: "Tutakupigia." Simu hiyo mpaka leo haijalia. Baada ya wiki mbili shoga yangu aliyepo hapo akanambia nafasi ipo, lakini ya kufua mashuka, huko nyuma wasikopita wageni. Huko mtandio hauna neno.

Sasa wazee wa baraza wanasema dawa ni moja: kila hoteli ilazimishwe kutenga nafasi kwa watu wa kijiji ilipojengwa, na ushahidi uwe barua ya sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia. Ardhi yetu, pwani yetu, hata akina mama wa mwani wamesogezwa wapishe vitanda vya kuotea jua, halafu kazi wapewe wabara na Wakenya. Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona hatuponi?

Nilikuwa upande wao. Kinachonikwamisha ni kimoja: aliyeniuliza habari ya mtandio hakuwa mtu wa bara wala Mzungu. Ni Muunguja mwenzangu, na jina lake la Kiislamu kama langu. Fungu la kijiji lingenisaidia nini mbele ya mtu yule? Tena Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, na hapo hapo inakataza kumbagua kwa pahala alipotoka. Siwezi kuushika upande mmoja nikauachia wa pili. Nisemeeni.

Mchangiaji, Nungwi

Dada, pole kwa yaliyokukuta. Mimi ndiye huyo mbara. Nimetoka Mwanza, huu mwaka wa saba nahudumia meza hapa Nungwi.

Jamani, mnadhani tunapendwa. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya kazi niliyoizoea kwetu inaishia baharini. Huku kuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na sijawahi kukutana na bosi aliyenieleza ndani yake mna nini. Mkataba wangu ni wa miezi tisa. Ikifika Aprili, mvua za masika zikianza na wageni wakipungua, tunaambiwa "nendeni mkapumzike", mshahara hakuna. Mwenzangu wa Nungwi anarudi kwao, anakula samaki wa kaka yake. Mimi kodi ya chumba inanisubiri. Msimu ukianza nasaini upya, yaani kila mwaka mimi ni mfanyakazi mpya.

Niwaambie na siri yao. Wanatuchukua sisi si kwamba tunajua kuliko nyie. Wanatuchukua kwa sababu hatuna msiba wa kwenda. Nimemsikia bosi kwa masikio yangu: "Hawa wa hapa kila siku maziko, kila wiki harusi." Mtu aliye mbali na kwao hawezi kukataa shifti. Hicho ndicho wanachonunua kwetu.

Mchangiaji, mjini Unguja

Mwanangu wa Jambiani, mimi ni mtu mzima, nimesimamia usafi wa vyumba hotelini miaka mingi na nimeajiri wasichana wa vijijini wasiohesabika. Lawama si za waajiri peke yao. Nimemwona baba kaja getini kumtoa bintiye kazini mbele ya wageni, kisa kaambiwa mtoto kaonekana na sinia lenye chupa za bia. Msichana yule alikuwa hodari, nilimlilia. Sasa fungu la kijiji litajazwa na nani, ikiwa kijiji chenyewe kinawaita wanaofanya kazi huko majina mabaya?

Ila mnasahau kitu kidogo ambacho mie nimekiona kina nguvu kuliko hotuba zote: gari. Shifti ya jioni inatoka saa tano usiku. Saa hizo daladala hakuna, njia ina giza, na msichana akipakiwa na bodaboda, asubuhi mtaa mzima una habari. Wengi walioacha kazi mikononi mwangu waliacha kwa hilo, hawakuacha kwa dini wala uvivu. Pahala pamoja nilipokuwa tulimbana tajiri mpaka akaleta Hiace ya kuwarejesha mlangoni kwao. Mwaka ule hakuacha kazi hata mmoja, na wazee wakanyamaza. Meneja asiyetoa gari halafu akasema "wa hapa hawadumu" anakudanganya kwa adabu.

Mchangiaji, Micheweni

Nyinyi mnagombania mlango, sie Pemba hata nyumba yenyewe haijajengwa. Hoteli za huku zinahesabika kwa vidole. Kijana wa Micheweni akitaka kazi hiyo hushuka Mkoani, akapanda boti kwenda Unguja. Sasa nambieni: barua ya sheha wangu Paje itasomwa? Kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi hakina tofauti na cha mtu wa Paje, lakini nikifungua mdomo tu naulizwa, "Wewe Mpemba?" kisha kicheko. Huyo "mwenyeji" wa fungu lenu ni nani hasa?

Mleta mada, Jambiani

Ndugu yangu wa Micheweni umenimaliza. Swali lako nililipeleka barazani jana, wakaanza kubishana kama mtu wa Makunduchi ni mwenyeji wa Jambiani. Hapo nikaondoka zangu.

Basi nabadili hoja. Fungu silitaki. Kwanza litampa sheha ufunguo, na ndugu zake sheha tutakuja kuwajua wote. Ninachotaka ni nafasi itangazwe kwa maandishi, ibandikwe mahali watu wapitapo, na mshahara, saa za kazi na habari ya usafiri viwemo. Na anayekataliwa apewe sababu kwa karatasi. Bi mkubwa hapo juu atanambia hakuna meneja atakayeandika neno "mtandio". Najua hataandika. Atatafuta sababu nyingine, aseme lugha, aseme cheti, na hizo ninazo za kumjibu, kwa sauti, na mbele ya afisa wa kazi ikibidi. "Tutakupigia" haina jibu.

Kaka wa Nungwi, huo mkataba wako wa miezi tisa unao nyumbani, au ameuweka bosi? Kama unao, upige picha, funika jina lako na la hoteli, uulete hapa tuusome pamoja kabla ya Aprili.